Maji Tu, Mafuta Hapana

Mama yangu Fifi,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa korali, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako hapo karibu na mlango. Kesho asubuhi utapanda basi la Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi ndege ya Kinshasa, kwa Mama Mudogo, mdogo wake marehemu mama yako, uanze chuo. Wiki hii yote nimetaka kuongea nawe. Kila nikifungua mdomo, najikuta nakuuliza kama zipu ya sanduku inafunga vizuri. Basi nimeamua kuandika. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome ukirudi.

Kiswahili chake ni kile cha kitabu, nilichofundishwa shule ya misheni kule Kapolowe nikiwa mtoto. Najua utacheka. Kila nikiandika hata neno la kumpelekea jirani, unasema, "Papa, unaandika sawa padri." Cheka tu, mama. Kile cha mdomo leo kinanishinda.

Sitakuambia habari za makaratasi, wala za maji ya kunywa, wala za vijana wa Kinshasa. Hayo Mama Mudogo atakuambia mpaka uzibe masikio, unamjua alivyo. Mimi nataka kuongea juu ya uso wako.

Naona hapo umeshakunja paji. Tangu kile kiangazi hatujaugusa uso wako, si kwa maneno wala kwa mkono. Nikikuuliza, unajibu, "Iko bien, Papa," halafu unageukia upande wa pili. Juzi nilinyoosha mkono nikutoe uzi kwenye nywele, na kichwa chako kikarudi nyuma chenyewe, kabla hata hujajua. Ulijifanya unatafuta kiatu. Sikulaumu hata kidogo. Ila naogopa, na nakuambia wazi kwamba naogopa: utaondoka kesho kichwa chako kikiwa bado kinarudi nyuma, Kinshasa ni mbali, mimi si kijana, na siku nitakayokuona tena hatutajua tuanzie wapi.

Nianze na mama yako, kwa sababu ndiye aliyeijua ngozi yako. Miezi ya baridi ya hapa Likasi unaijua. Upepo mkavu, vumbi kila mahali, midomo inapasuka, miguu ya watoto inakuwa kama imepakwa majivu. Mama yako alikuwa anakukalisha kwenye kibao pale karibu na bomba, anakuosha, na kabla hujakauka anachukua ile chupa. Ilikuwa chupa ya zamani ya dawa ya kikohozi. Ndani alitia gliserini akaichanganya na maji, na kitu kingine kidogo cha harufu ambacho hakutaka kuniambia. Anakupaka kuanzia usoni mpaka vidole vya miguu, wewe unatetemeka na kulia kwa baridi.

"Clémentine," namwambia, "ngoja kwanza mutoto akauke, utamuua na baridi."

"Akauke juu ya nini?" ananijibu. "Gliserini inashika mayi. Kama hayikute mayi ya kushika, itashika nini? Weye enda ku kazi yako."

Nami naenda kazini nikicheka. Unatoka pale unang'aa mpaka majirani wanauliza kama tunakupaka mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo furaha yangu ninayoikumbuka zaidi ya zote, na wakati ule sikujua kama ni furaha. Niliiona ni kelele za asubuhi.

Presha ilipomchukua, chupa ile ilibaki nusu, dirishani pa chumba chako. Uliitumia kwa ubahili. Tone moja kwenye kiganja, maji kidogo, unafunga macho unanusa kwanza, ndipo unapaka. Nilikuona mara nyingi kupitia mlango. Sikuingia. Nilikuwa na kilio changu, na nilidhani kila mmoja abebe chake.

Chunusi zilikuja baada ya msiba. Zilikujaa mashavuni na kidevuni mpaka ukaacha kuimba mstari wa mbele. Mama Mudogo alipokuja Lubumbashi alikupeleka kwa daktari wa ngozi, na ukarudi na tubu ndogo ya dawa ya kupaka. Jioni ile ile ulinieleza mezani yote uliyoambiwa. Mimi nilikuwa nimefungua redio, natafuta waya uliokatika. Nilisikia "kidogo sana, usiku." Nilisikia "ngozi itatokatoka kidogo mwanzoni." Yaliyobaki niliyaitikia kwa kichwa. Ulisema na habari ya mafuta, sasa najua ulisema. Maneno yako yalipita karibu na masikio yangu nami nashughulika na waya.

Sasa lazima nikuambie kitu cha kiwandani, ambacho sikupenda kukileta nyumbani. Unajua nilitumika kazi sehemu ya asidi mpaka miguu ikakataa. Hujui jinsi tulivyofundishwa. Siku ya kwanza kabisa, kabla hatujapewa hata kofia, mkubwa wa kazi alitusimamisha mbele ya bomba kubwa akatuambia: asidi ikikurukia, ni maji. Maji mengi, maji ya muda mrefu, na usipake kitu. "Maji tu, mafuta hapana." Tulilirudia neno hilo kwa sauti kama katekisimu. Na lilikuwa neno la kweli. Rafiki yangu Kalenga alirukiwa mkononi, akaogopa, akakimbilia kwake hapo karibu, na mke wake kwa huruma akampaka mafuta ya mawese. Mkono ule haukunyooka tena. Nilikuwa nikimfunga vifungo vya shati kabla ya misa. Basi neno lile liliniingia mifupani. Nilijua vitu vingi nusu nusu katika maisha yangu, lakini hicho nilikijua chote.

Kikaja kiangazi, ile miezi mikavu ya baridi. Baridi ilikuwa kali, na ngozi yako ikaanza kubanduka kuzunguka mdomo na kando ya pua. Wewe hukuogopa, ulikuwa umeambiwa. Ulipunguza dawa, ukaongeza tone la chupa ya mama. Mimi ndiye niliyeogopa. Siku moja ulipokuwa shuleni niliingia chumbani nikaichukua tubu, nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi madogo. Nikaona neno moja tu: *acide*.

Fifi, kama ningekuwa mtu mwingine, muuza duka au mwalimu, neno lile lingenipita. Lakini mimi nilisikia harufu yake. Nilimwona Kalenga. Na hapa ndipo penye ujinga wangu, nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Mtu mwenye akili ya kawaida angeitupa tubu. Mimi nilisema, hapana, hii ni dawa ya daktari, mtoto alisafirishwa kwa ajili yake, dawa haitupwi. Kwa hiyo kama asidi lazima ibaki, basi kosa ni mafuta. Ndiyo maana anaungua, nikajiambia, anapaka mafuta juu ya asidi, sawa na mke wa Kalenga. Nikaacha asidi nikatupa mafuta. Niliimwaga chupa ya mama yako pale pale kwenye bomba, nikaisuuza, nikaona nimekuokoa.

Uliporudi uliiona chupa imesimama tupu, kichwa chini.

"Papa, ile mafuta iko wapi?"

"Nilishaimwanga."

"Juu ya nini?" Ulitaka sababu.

"Unajipaka asidi, halafu unaweka mafuta! Minye najua asidi. Asidi ni mayi tu. Kuanzia leo utanawa asubui, utanawa saa sita, utanawa mangaribi, na sabuni."

Kisha ukasema polepole, bila hasira, na afadhali ungepiga kelele: "Papa, ile ilikuwa ya mama."

Nami nikakujibu: "Mama yako hakutumikaka mu asidi."

Hilo neno, mwanangu. Nimesema mabaya mengi katika maisha yangu, nimetukana watu barabarani, nimegombana na ndugu zangu juu ya shamba. Yote nimeyasahau. Hilo halitoki. Mtu hayupo tena kujitetea, na mimi namshinda mbele ya mtoto wake kwa sababu niliwahi kuvaa kofia ya kiwandani.

Ulinitii. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ulinawa kama nilivyoagiza, na ile sabuni ya kufulia, kwa sababu nilisema sabuni ya harufu ina mafuta. Usiku ulipaka dawa juu ya ngozi kavu, asubuhi ukatoka kwenye upepo. Uso ukabana mpaka ukashindwa kucheka. Ukapasuka kwenye pembe za mdomo, ukatoa maji, na palipopona pakabaki madoa meusi. Na mimi kila nilipoona imezidi, nilisema, "Ongeza mayi."

Ikafika misa ya mwaka tangu mama yako afariki. Ulijifunga kitambaa mpaka chini ya macho, na kwenye ile picha ya familia umegeukia ukutani. Wamama wa mtaa walinong'ona pale nje ya kanisa kwamba unajichubua, kwamba mtoto wa Clémentine anatafuta weupe. Nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwao, nimeshika kofia. Ningeweza kusema, si yeye, ni mimi. Nilitazama viatu vyangu, na nilipoinua macho nikakuona unanitazama. Ulikuwa umesikia pia, na ulikuwa unangoja.

Baadaye nilikupeleka mwenyewe Lubumbashi. Unakumbuka yule daktari, mwanamke kijana, mpole. Aliushika uso wako kwa vidole viwili akauliza, "Nani alikuambia unawe hivi na uache mafuta?" Nilifungua mdomo. Wewe ukawahi: "Ni minye mwenyewe, docteur."

Kwa nini ulisema vile, Fifi? Njia nzima ya kurudi nilitaka kukuuliza. Ulikuwa unanihurumia, au hukutaka kunipa hata ile nafasi ya kukiri? Mimi nilikaa kwenye kiti pale kwa daktari na kukuacha ubebe kosa langu, kama nilivyokuacha pale kanisani. Daktari akaeleza yote polepole, akikutazama wewe, na kila neno lilikuwa linaniangukia mimi. Kwamba dawa ile ni ya jamii ya vitamini A, na asidi yake si ile ya kiwandani, zimechangia jina tu. Kwamba haiunguzi nyama. Inaiharakisha ngozi ijivue ya zamani na kutoa mpya, na katika haraka hiyo ngozi inashindwa kushika maji yake. Ndiyo maana inahitaji kusaidiwa. Kitu cha kuvuta maji, kama gliserini, na kitu cha kuyafungia ndani yasitoroke, kama vaselini kidogo kwenye pembe za mdomo. Kwamba kwa ngozi iliyochoka mtu anaweza kupaka mafuta kwanza, kisha dawa kidogo, kisha mafuta tena, na kuruka siku mpaka ngozi izoee. Na mchana ujikinge na jua. Wewe uliitikia tu. Ulikuwa umeyajua yote tangu ile jioni ya redio.

Uso wako umepona, nakuona. Madoa yamefifia, dawa imefanya kazi yake, na umerudi mstari wa mbele kwenye korali. Ngozi imesamehe kabla yetu. Lakini unapaka ukiwa umefunga mlango.

Unataka nikupe usia, ndiyo desturi ya baba mtoto anapoondoka. Sina mwingi. Naweza kukuambia tu kilichonipata. Sikukukosea kwa kitu nisichokijua. Nilikukosea kwa kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote. Nilikichukua kutoka kiwandani nikakileta nyumbani bila kuuliza kama hapa ni mahali pake. Huko uendako utasoma, utajua mambo, na utaona raha ya kuyajua. Siku utakapojisikia una hakika kabisa juu ya maisha ya mtu mwingine, muulize kwanza huyo mtu. Mimi nilikuwa na mtoto aliyeambiwa na daktari uso kwa uso, chumba cha pili, na sikumuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo mama yako ndiye angekuambia, na mimi naona haya hata kuliandika. Siku ukiwa na mume wako na mkawaza kupata mtoto, hata kabla, ile dawa uiache na umwone daktari. Si nzuri kwa mimba. Daktari alitueleza siku ile, na wewe ulitazama dari, na mimi nilitazama dari. Basi nimesema. Tuendelee.

Baada ya siku ile nilinunua gliserini. Hukujua, niliificha kwenye sanduku la vyuma. Nilitaka kuitengeneza upya ile ya mama yako. Ya kwanza niliipaka bila maji, mikononi mwangu, hii mikono uliyoiita kikwangulio ulipokuwa mdogo. Ilinata, vumbi lote la mtaa likaja kukaa juu yake. Ya pili niliizidishia maji, ikawa maji matupu. Nikakumbuka kibao, na bomba, na wewe unatetemeka, nikanawa mikono na kupaka kabla haijakauka. Fifi, ilishika. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiitazama mikono yangu na kulia kama mtoto, na jirani akauliza kama nimepokea habari mbaya kutoka kijijini. Nilimwambia ndiyo. Nilikuwa nimemsikia Clémentine akinijibu, "Itashika nini?", na safari hii sikucheka.

Harufu yake sikuipata. Nilijaribu maganda ya limau, nilijaribu manukato ya dukani, nikamwaga yote. Daktari alisema uso wako usipewe vitu vya harufu, kwa hiyo nimejiambia kwamba nimeiacha bila harufu kwa ajili ya afya yako. Si kweli. Sikuweza. Ile ilikuwa ya mama, kama ulivyosema, na niliimwaga mimi, na hakuna atakayeirudisha. Nisamehe hilo, kama unaweza. Kama huwezi, sitakuuliza tena, na utabaki mama yangu vile vile, mwenye jina la mama aliyenizaa.

Wanasema hewa ya Kinshasa ina maji, ngozi haikauki kama ya huku. Huenda hutaihitaji sana chupa niliyokutengenezea. Iko tayari, nimeifunga kwenye kitenge kimoja cha mama yako, lakini sijaitia kwenye sanduku. Nitaishika mkononi.

Kesho kabla ya basi nitaweka kibao pale karibu na bomba, pale nilipoimwaga ile ya kwanza, na beseni la maji ya moto kidogo, usitetemeke. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi. Ukipita moja kwa moja na sanduku lako, sitakuita. Nitasimama nikubebee mpaka kituoni, na chupa nitakupa dirishani mwa basi kama watu wanavyopeana mikate. Lakini ukikaa, hata kama ni kwa muda mdogo tu, nitanawa mikono yangu nikupake, ngozi ikiwa bado na maji, kama alivyokuwa anafanya yeye.

Usiogope mikono hii. Nimeijaribu gliserini juu yake kiangazi hiki chote, kila asubuhi, kabla hujaamka. Haiunguzi, mama.

Papa